Taulo Nyeupe Kwenye Ncha ya Kitanda

Ilikuwa saa tisa na nusu usiku, katikati ya Februari, niliposikia mtu akipiga kelele za hofu katika chumba cha nne cha korido yetu. Nilikimbia, nikawasha taa, nikamkuta Mzee amesimama miguu mitupu kwenye ncha ya kitanda cha jirani yake. Mkononi alikuwa na rimoti ya televisheni, ameielekeza sakafuni kama mtu anayemulika kwa tochi bila kutaka kuwaamsha wengine. Kwa mkono wa pili alikuwa akimtikisa jirani yake kifundo cha mguu, taratibu, huku akimwambia kwa sauti ya chini kwamba saa imefika na jikoni wanamsubiri.

Jirani alikuwa akitetemeka mwili mzima. Mzee hakuwa na wasiwasi wowote. Alinitazama kama mtu aliyekatizwa kazi yake.

Nilimrudisha chumbani kwake, nikambembeleza mpaka akalala, kisha nikaandika kwenye daftari la zamu kwamba mkazi wa chumba cha pili anatangatanga usiku na kuwasumbua wenzake. Sentensi hiyo niliiandika kwa haraka, na ndiyo iliyoninyima raha kwa wiki nyingi zilizofuata, kwa sababu haikuwa kweli. Anayetangatanga hajui aendako.

Yeye alikuwa anajua.

Jambo moja sikuliandika, kwa kuwa sikuona kama lina maana yoyote: jirani yule alikuwa na taulo nyeupe iliyoning'inia kwenye ncha ya kitanda. Niliianika mimi mwenyewe jioni ile, baada ya kumwogesha.

## Sauti ya sajini

Ninawahudumia wazee katika nyumba moja iliyo pembezoni mwa Houston, Texas, kazi ambayo Watanzania na Wakenya wengi wa huku wanaijua vizuri. Jina la Mzee sitalitaja, wala la nyumba yenyewe. Ni Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1948, akaitwa jeshini kwa lazima mwaka 1967, akafunzwa uaskari wa miguu katika kambi ya Fort Polk, Louisiana, akapelekwa Vietnam, akarudi, akafanya kazi bandarini, akalea watoto, akamzika mke. Sasa ana ugonjwa wa kusahau. Jina la marehemu mkewe humpotea kwa siku kadhaa, kisha likarudi. Namba yake ya jeshi haijampotea hata siku moja. Huanza na herufi U na S, alama ya wale walioitwa kwa lazima, kwa kuwa waliojiunga kwa hiari yao walipewa R na A.

Wiki chache kabla ya usiku ule, mwenzetu mmoja wa zamu ya mchana aligundua jambo. Mzee alikuwa amekataa kuoga kwa siku ya tatu, na kila aliyembembeleza alishindwa. Mwenzetu huyo, ambaye naye aliwahi kuwa askari, alisimama mlangoni, akakaza mgongo, akamfokea kwa sauti ya kwata. Mzee alinyooka. Alinyooka hasa: visigino vimekutana, kidevu kimeingia ndani, vidole gumba vimelala kwenye mishono ya suruali ya kulalia. Kisha akaenda bafuni bila kusema neno.

Tulicheka wote. Nami nilicheka.

Tangu siku hiyo kila aliyepata taabu naye alijaribu sauti ile, na haikushindwa hata mara moja, iwe ni chakula, dawa au kubadilisha nguo. Siku moja nikaitumia mimi pia, kwa ajili ya vidonge vya jioni, na akavimeza papo hapo. Nilipopokea glasi niliona mkono wake unatetemeka, na macho yake yamekaza kutazama mbele, juu kidogo ya kichwa changu, mahali ambapo kuruta hufundishwa kutazama ili asikutane na macho ya sajini.

Sikuitumia tena. Lakini pia sikuwaambia wenzangu waache, kwa sababu sikujua ningesimama na hoja gani. Mzee anayeoga ana afya kuliko mzee asiyeoga, na mwenye zamu ana wazee wengine saba wanaomsubiri. Ukweli huo haupingiki, na bado nilipokuwa nikirudi nyumbani asubuhi, niliendesha gari nikiuona ule mkono.

## Kambi, si vita

Kila Alhamisi Mzee hutembelewa na rafiki yake wa kanisani, ambaye naye alipita Fort Polk, mwaka mmoja baada yake. Nimewasikiliza wawili hawa kwa zaidi ya mwaka, nikipita na chai au nikibadilisha mashuka, na kwa muda mrefu nilidhani wanazungumzia vita. Haikuwa hivyo. Wanazungumzia kambi.

Wanazungumzia nyumba za mbao za ghorofa moja juu, zilizojengwa kwa haraka mwaka 1941 kwa ajili ya vita vingine na zikabaki kutumika miaka zaidi ya ishirini baadaye. Wanazungumzia joto la Louisiana, ule unyevu unaolowanisha shati kabla jua halijachomoza, na misitu ya misonobari na mabwawa ambayo wakubwa waliona inafanana vya kutosha na Vietnam, hata sehemu ya kaskazini ya kambi, iliyotengwa kwa mafunzo ya askari wa miguu, ikaitwa Tigerland. Hakuna kambi nyingine ya mafunzo iliyotoa askari wengi zaidi kwenda Vietnam kuliko hiyo. Humo walijengewa kijiji cha kuigiza, chenye mashimo yaliyofichwa na miti iliyochongwa ncha, wafundishwe kupita mlangoni mwa mtu wasiyemjua.

Wanazungumzia ngazi ya vyuma iliyolazwa hewani mbele ya mesi, ambayo ilibidi kila kuruta aivuke kwa kuning'inia mikono, chuma kwa chuma, kabla hajapewa chakula. Anayeanguka anarudi nyuma ya mstari. Wanazungumzia kuokota vipande vya sigara uwanjani kwa mstari mmoja mrefu, wameinama, kana kwamba wanapalilia shamba. Wanabishana kuhusu bunduki ya M14, yenye kitako cha mbao na uzito wa zaidi ya kilo 4, na namna walivyoiona M16 kuwa kitu cha kuchezea walipoishika mara ya kwanza. Mshahara wa kuruta ulikuwa chini ya dola 100 kwa mwezi, na wote wawili wanakumbuka walivyoutumia, wiki kwa wiki.

Mchana mmoja nilimletea Mzee kopo la kiwi na viatu vyangu vya kazini, nikitaka tu kuipa mikono yake shughuli. Alivifungua kamba kwanza. Akazungusha kipande cha pamba kwenye ncha ya kidole, akakigusisha kiwi, akadondoshea tone la maji kutoka kwenye glasi yake, akaanza kuchora miduara midogo kwenye pua ya kiatu, midogo kuliko shilingi. Hakubonyeza. Alipumulia ngozi, akatazama, akarudi tena. Ilimchukua karibu saa nzima kwa kiatu kimoja, na katika muda huo wote hakuuliza yuko wapi wala leo ni siku gani. Aliponirudishia nilimshukuru kwa lugha ya heshima tunayofunzwa kuitumia kwa wazee hapa, nikamwita bwana, naye akanijibu kwa ukali kidogo kwamba nisimwite bwana, yeye anafanya kazi kupata riziki yake. Baadaye niliambiwa kwamba hilo ndilo jibu la masajini wote wa Marekani, kwani neno lile ni la maofisa peke yao. Nilimweleza kwamba kwetu tungemwita afande. Alilirudia neno mara mbili, akalipenda.

Nilimuuliza rafiki yake kwa nini hawaizungumzii Vietnam. Nilitegemea aniambie kwamba inauma.

Aliniambia kitu kingine. Kwa muda mwingi wa vita vile askari hawakupelekwa pamoja na wale waliofunzwa nao. Walikwenda mmoja mmoja, kila mtu kwa miezi yake 12, akajaze nafasi ya mtu aliyekufa, aliyejeruhiwa au aliyemaliza muda wake, katika kikosi cha watu wasiomjua. Siku ya mwisho ya mafunzo majina yalisomwa pamoja na mahali pa kwenda, na kombania iliyokuwa imelala bweni moja, ikala meza moja na kuadhibiwa kwa kosa la mtu mmoja, ikatawanyika ndani ya saa chache. Hivyo vita vyake Mzee haviwezi kuzungumzwa na rafiki huyu, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na vyake. Kambi ndiyo kitu pekee walicho nacho pamoja.

Nami nikafikiri: na wale wengine wa bweni lile, aliwaacha hapo.

## Kitanda cha juu

Ni rafiki huyo aliyenifumbulia habari ya taulo. Nilimsimulia usiku wa Februari, naye akaanza kutabasamu, kisha akaacha.

Aliyepangiwa zamu ya jikoni kesho yake, alisema, alifunga taulo nyeupe kwenye ncha ya kitanda chake kabla ya kulala. Mlinzi wa moto, ambaye kazi yake ni kuzunguka bweni usiku kucha na tochi kwa sababu mbao zile kavu zingeweza kuteketea kwa dakika chache na watu wote ndani, angetazama mataulo na kujua ni nani wa kuamshwa saa tisa na nusu, bila kuwasha taa na bila kuwakosesha wengine usingizi. Unamshika mguu. Humshiki bega, maana kijana aliyechoka akishtuliwa begani huamka akirusha ngumi.

Kwa hiyo Mzee hakuwa anasumbua mtu. Aliona taulo niliyoianika mimi, akafanya kilichompasa.

Mengine niliyapata kwa Mzee mwenyewe, asubuhi kadhaa, wakati kichwa chake kinapokuwa na nuru. Kwenye dabodeka yao kitanda cha juu kililaliwa na kijana wa mashambani ambaye hakujua kusoma. Kuanzia Oktoba 1966 serikali ya Marekani ilikuwa imeshusha viwango vyake na kuwachukua vijana ambao zamani ingewakataa kwa sababu walishindwa mitihani ya kuandikishwa. Zaidi ya 300,000 waliingia kwa njia hiyo kabla mpango haujafutwa. Wana wa vyuo vikuu walikuwa na njia halali ya kuahirisha. Huyu hakuwa na njia. Orodha ya zamu ilibandikwa ubaoni kila jioni na yeye hakuweza kuisoma, na mtu aliyekosa zamu ya jikoni aliadhibiwa pamoja na wenziwe wote. Basi Mzee, akiwa na miaka 19, alikuwa akiisoma orodha kwa niaba yake, na jina la mwenzake likiwemo alimfungia taulo kwa mikono yake mwenyewe, bila kusema, ili asiaibike mbele za watu. Usiku alimsomea barua za mama yake kwa kunong'ona.

Mwisho wa mafunzo kijana yule alipangiwa kwingine. Mzee hakumwona tena.

Kwenye ukuta mweusi wa kumbukumbu kule Washington kuna majina zaidi ya 58,000 ya Wamarekani waliokufa au kupotea katika vita vya Vietnam, na mtu yeyote anaweza kulitafuta jina kwa simu yake. Mzee alinitajia jina la mwenzake. Usiku mmoja niliandika herufi zake zote, nikalitazama, nikalifuta. Sikuwa na ruhusa ya kujua kabla yake, na kama ningejua sikuwa na uhakika kama ningeweza kuingia chumbani kwake asubuhi bila kuonekana usoni.

## Hatua moja

Tarehe 28 Aprili 1967, hapa hapa Houston, Muhammad Ali, bingwa wa ndondi, aliitwa jina lake katika kituo cha kuandikishia askari na akakataa kusogea hatua moja mbele. Hatua hiyo ndiyo iliyokuwa kiapo chenyewe. Kabla ya kusogea wewe ni raia. Ukishasogea, wewe ni askari na unafuata sheria za kijeshi.

Mzee aliitwa miezi michache baadaye, katika mji huo huo.

Alisogea. Nimemsikia akilisema hili bila majuto na bila majivuno, kama mtu anayetaja hali ya hewa ya siku fulani. Hakuwa na mtu yeyote wa kumtetea, alikuwa na mama na wadogo zake wanne, na kukataa maana yake ilikuwa gereza. Akaenda kwenye kambi iliyopewa jina la jenerali wa jeshi lililopigana ili babu zake waendelee kuwa watumwa. Mwaka 2023 jina hilo liliondolewa, kambi ikaitwa kwa jina la Henry Johnson, askari mweusi shujaa wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 2025 jina la Polk likarudishwa, safari hii ikielezwa kwamba ni kwa heshima ya jenerali mwingine mwenye jina la Polk. Rafiki yake alikasirika sana. Mzee aliuliza tu kama ile ngazi ya vyuma bado ipo.

Hatua ile ninaifikiria kila ninapokumbuka sauti ya kwata bafuni. Kambi haikumfundisha kijana huyu kutii kwa sababu anakubali. Ilimfundisha mwili wake utangulie kabla ya yeye kufikiri, kwa kuwa vitani anayesita hufa, na hiyo ndiyo sababu waliyopewa, na pengine ilikuwa sababu ya kweli. Walipofundishwa singe, sajini aliuliza roho ya singe ni nini, na kombania nzima ikajibu kwa kishindo: kuua. Mara mia, mara elfu, mpaka jibu likawa halipiti tena kichwani.

Nilitaka kushtuka niliposimuliwa hayo, nikashindwa. Nilisoma shule ya msingi Morogoro, na alfajiri kabla ya masomo tulikimbia mchakamchaka, kiongozi akitoa sauti na sisi tukiitikia "chinja!" kwa nguvu zetu zote. Nilikuwa na miaka minane. Sijawahi kujiuliza ni nani alikuwa achinjwe. Nilijaribu usiku mmoja, peke yangu kwenye korido, kulisema neno la kiongozi kimoyomoyo, na mdomo wangu uliitikia wenyewe.

Kama mimi, niliyekimbia tu kuzunguka uwanja wa shule, bado ninalo, basi yeye analo kiasi gani?

## Kupokewa lindo

Nilizungumza na wenzangu mwezi Aprili. Niliwaambia kwamba sauti ile ni ya mtu aliyepewa haki juu ya mwili wa Mzee kwa miaka miwili, mwaka 1967 hadi 1969, na kwamba haki hiyo Mzee alirudishiwa siku alipovua gwanda. Ugonjwa umeondoa ukuta uliokuwa katikati, nasi tumeingia kwa pengo hilo. Hawakukubaliana nami wote. Mmoja aliniuliza, kwa haki kabisa, kama kumwacha mtu na uchafu wake ndiyo heshima. Tuliafikiana tujaribu. Kuoga sasa huchukua dakika 40 badala ya 10, na kuna siku haogi kabisa, na mwenye zamu hiyo hubaki nyuma na kazi zake. Sijui kusema kwamba hiyo si gharama.

Lakini usiku bado anaamka, na hapo nilihitaji njia nyingine, maana nikimwambia arudi kulala haendi. Miongoni mwa amri ambazo kila kuruta wa Marekani hukariri imo inayosema kwamba mlinzi haondoki lindoni mpaka apokelewe ipasavyo. Rafiki yake ndiye aliyenikumbusha. Tulikuwa tukimwamuru aache lindo, na kwake yeye hilo ni kosa kubwa kuliko yote.

Nilisita kwa siku kadhaa. Nimelelewa kwamba mtu mzima hadanganywi, na kumwambia kwamba nimekuja kumpokea katika bweni la mbao ambalo halipo ni uongo, hata ukisemwa kwa upole. Kilichonitoa kwenye kusita ni kwamba, nilipoyapima maneno yenyewe, hayakuwa uongo. Kweli nilikuwa zamuni, na kweli kulikuwa na watu waliolala ambao maisha yao yalikuwa mikononi mwangu, na kazi ya kuzunguka mlango kwa mlango mpaka alfajiri ilikuwa yangu. Tena anayepokea lindo si mkubwa wa mlinzi. Ni mwenzake.

Usiku uliofuata nilimkuta mwisho wa korido na rimoti yake. Nilisimama hatua mbili mbele yake nikamwambia, "Afande, nimekuja kukupokea." Alinipa taarifa: ghorofa zote mbili shwari, tanuri la maji moto ni zima, wa kuamshwa ni mmoja. Akaniwekea rimoti kiganjani, akaingia chumbani, akalala mpaka saa mbili asubuhi.

Mataulo siku hizi tunayaanika bafuni, mlango ukiwa umefungwa.

Wiki iliyopita, hata hivyo, Mzee aliniomba taulo nyeupe. Nilidhani anataka kunawa. Aliikunja mara mbili kwa urefu, akaifunga kwenye ncha ya kitanda chake mwenyewe, fundo moja, akalivuta kuona kama limekaza, kisha akalala chali. Nilikaa muda mrefu kwenye meza ya zamu nikiwaza kama nimwache apate usingizi, maana ndivyo daktari angependa, na ndivyo ningeandika kwenye daftari.

Saa tisa na nusu niliingia bila kuwasha taa, nikamshika kifundo cha mguu.

Aliketi. Nilimsogezea viatu, naye akavitafuta kwa miguu gizani, kimoja, kisha cha pili. Akaniuliza kama nje mvua inanyesha. Nilimwambia inanyesha.